Maana ya kasi ya matone ya dripu

Kasi ya matone ni idadi ya matone yanayopaswa kudondoka kwa dakika moja ili maji aliyoandikiwa mgonjwa yaishe kwa muda uliopangwa. Daktari huandika ujazo na saa; matone ni kazi ya muuguzi. Kwa hiyo anayejiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, awe amesomea chuo cha uuguzi cha Kabanga, Ndala au Nkinga, aijue hesabu hii hadi aifanye bila kikokotoo.

Zidisha mililita kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja kwenye seti yako (mrija wa dripu pamoja na chemba yake ya matone), kisha gawa kwa dakika. Mtu mzima ameandikiwa lita 1 kwa saa 8, seti ni ya matone 20: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.67, yaani matone 42. Tone halikatwi, hivyo jibu la mwisho ni namba nzima. Kosa la kawaida hapa ni kugawa kwa 8 badala ya 480. Linaleta matone 2,500 kwa dakika, na ajabu ni kwamba kuna wanaoliandika bila kushtuka.

Kilicho kigumu ni seti. Za kawaida hutoa matone 10, 15 au 20 kwa mililita. Ile ya matone madogo, yenye bureti (kichupa chenye alama za mililita), hutoa 60. Namba imechapishwa kwenye pakiti, basi isome kabla hujaitupa.

Chukua mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa maji ya kumtosha siku nzima, lita 1 kwa saa 24. Kwa seti ya 60: 1000 × 60 ÷ 1440 = 41.67. Matone 42 tena, sawasawa na yule mtu mzima! Bureti zikiisha wodini, mtu akafunga seti ya 20 na kuacha matone yaleyale 42, mtoto atapata mililita 126 kwa saa badala ya 42, na lita yake itaisha ndani ya saa 8. Tabora na Kigoma, ambako malaria kali huwaleta watoto wengi wodini, hili si la kwenye karatasi tu. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa hivyo.

Ipo njia ya mkato. Tafuta kwanza mililita kwa saa. Seti ya 60, namba hiyohiyo ndiyo matone kwa dakika. Ya 20, gawa kwa 3. Ya 15, gawa kwa 4. Itumie kuhakiki jibu, lakini mtahini mwonyeshe hesabu kamili.

Kwenye vitendo, jaza chemba ya matone nusu tu, maana ikijaa huoni kitu cha kuhesabu. Weka saa usawa wa chemba, hesabu dakika nzima huku ukirekebisha kigurudumu kinachobana mrija. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, tone moja ulilokosea linakuwa manne. Rudi baada ya muda mfupi uhesabu upya: mgonjwa akikunja kiwiko au kitanda kikipandishwa, kasi hubadilika.

Dripu ikichelewa, mathalani ile ya mtu mzima ya saa 8, saa 4 zimepita na bado zimebaki mililita 700, hesabu itakuambia 700 × 20 ÷ 240, matone 58. Usikimbilie kigurudumu. Angalia kwanza kama mrija umejikunja au mkono umevimba sindano ilipoingia. Kwa mtoto, mzee au mgonjwa wa moyo, mwarifu daktari kabla ya kuongeza, kisha andika kwenye fomu ya maji kasi mpya na saa ulipoibadilisha.