Robo ya parasetamoli kwa paka

Mitaa ya Mji wa Kale hapa Mombasa, paka ni jirani. Akionekana kajikunyata na hataki samaki, wengi huamini robo ya kidonge cha parasetamoli itamtuliza, maana hata mtoto hupewa. Nia ni ya huruma, na hesabu yaonekana sawa: mwili mdogo, dawa kidogo.

Ila shida si kipimo pekee. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachotuwezesha sisi kuitoa dawa hii mwilini kwa usalama. Kwake hugeuka sumu, chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Ufizi huwa kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, anahema kwa shida. Hapo mkimbize kwa daktari wa mifugo, na kasha la dawa mkononi. Tafadhali usingoje kupambazuke.

Kuhakiki kwaanzia nyumbani. Soma karatasi iliyomo kashani: vipimo ni vya watu, paka hatajwi. Kisha mpigie daktari wa mifugo kabla hujamfungua paka mdomo. Mbwa naye hudhurika, ingawa kwa kipimo kikubwa zaidi.