Shujaa wa tanzia ana kosa, si dosari

Juzi kwenye mazoezi ya tamthilia huko Kisauni, kijana mmoja aliniambia mhusika wake, hamali wa bandari ya Kilindini anayetia sahihi kwa niaba ya wenzake, hawezi kuitwa shujaa wa tanzia. "Si mtu mkubwa, na dosari yake ni umaskini tu." Nimeyasikia haya mara nyingi mno.

Kwa ufupi, shujaa wa tanzia, yaani wa mchezo unaoishia kwenye anguko, ni mhusika ambaye kitendo chake mwenyewe kinachangia anguko lake, nasi tukamwonea huruma na kuingiwa na hofu. Kufa pekee hakutoshi. Hapo neno lenyewe hutupoteza, kwa kuwa tanzia asili yake ni Kiarabu, kumpa mfiwa pole, na masikio yetu yamelizoea kwenye habari za misiba.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo "dosari". Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mtu huyu huangushwa na hamartia. Wengi hulifasiri dosari, kama ufa kwenye mtungi. Lakini kitenzi kilichozaa neno hilo Wagiriki walikitumia hata kwa mkuki uliorushwa ukapita kando. Baadaye Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, likalitumia kwa maana ya dhambi, na nadhani tangu hapo tukaanza kutafuta ubaya ndani ya mtu. Ilhali Kiswahili kina neno linalolingana nalo ajabu: kukosa. Mwindaji akikosa, mshale umepita kando. Mtoto akikosa, anaomba radhi. Kitenzi ni hicho hicho.

Na kukosa hakuchagui ukoo. Aristotle alitaja watu wa nasaba kubwa kama Oedipus, mfalme wa tanzia ya Kigiriki, kweli. Lakini mwaka 1949 mwandishi wa tamthilia wa Marekani, Arthur Miller, alimpandisha jukwaani New York Willy Loman, mzee mzungukaji wa kuuza bidhaa, na mwezi uo huo akaandika kwamba mtu wa kawaida anaifaa tanzia sawa na wafalme. Loman anajiua ili mwanawe apate pesa za bima. Mwana mwenyewe alikuwa amemlilia baba aziache zile ndoto. Mzee alilenga kwa mapenzi yote, akakosa.

Basi mwanangu, hamali wako mwite shujaa wa tanzia bila wasiwasi. Futa tu ile "dosari yake ni umaskini". Umaskini haulengi kitu. Tuonyeshe yeye alikuwa akilenga nini siku ile alipotia sahihi kwa niaba ya wenzake.