Weupe wa ganda la chungwa hauna kosa

Hata Lamu utaambiwa: ukitaka kupika maganda ya machungwa kwa sukari, kwangua weupe wote wa ndani, ndio wenye uchungu. Uchungu upo kweli, lakini huyeyuka majini. Chemsha maganda, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu. Danzi na balungi huenda zikataka zaidi. Weupe wenyewe ndio unaokunywa shira. Ukiutoa wote, unabaki na kijingozi kikavu, na kwangu hiyo ni hasara tupu.

Shira iwe nyepesi kuliko ya kaimati, sukari na maji sawa kwa sawa, moto mdogo mpaka maganda yaanze kupenyeza mwanga. Moto mkali huikausha shira kabla sukari haijaingia ndani. Kisha yaanike kwenye ungo. Kwa unyevu wa pwani, usiyaharakishe.