Pawa stelingi kwenye lori la zamani: kazi iko kwenye breketi

Wengi wanaotaka kufunga pawa stelingi kwenye lori la zamani huanza kwa kuuliza pampu: ipi nzuri, itolewe gari gani. Pampu ndiyo sehemu rahisi. Usukani utatulia au utaanza kucheza kulingana na vyuma viwili utakavyotengeneza mwenyewe: breketi (kishikizo cha chuma) ya stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, na breketi ya pampu.

Angalia nguvu inapita wapi. Ukikata usukani gari likiwa limesimama, presha ya oili hufika paundi 1,000 au zaidi kwa kila inchi ya mraba. Oili inasukuma pistoni ndani ya boksi, pistoni inazungusha mkono wa boksi, mkono unasukuma draglinki, rodi inayokwenda kukata magurudumu. Magurudumu yakigoma, nguvu yote inarudi kwenye boksi, na boksi limeshikwa na breketi peke yake. Lori lilipokuwa halina pawa, dereva alichoka kabla chuma hakijachoka.

Kwa hiyo mimi hutumia bamba la milimita 10 kwenye boksi, hata pale ambapo jembamba zaidi lisingekatika. Shida ni kunyumbuka. Breketi ikinyumbuka kila kona, ufa huanzia pembeni ya weldi au kwenye tundu la bolti, na mara nyingi kinachopasuka ni chasisi yenyewe.

Chasisi yenye umbo la C toboa kwenye ukuta wake wa wima tu. Kingo za juu na za chini usiziguse, maana huko ndiko mkazo wa kupinda ulipo mkubwa. Ukiziba upande wake ulio wazi kwa bamba, weka kipande cha bomba nene ndani kwenye kila tundu, bolti ipite humo, la sivyo ukikaza utaiminya chasisi na bolti haitakaa imekaza.

Kabla ya kukata chuma, kata kadibodi. Lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake, springi zimebeba uzito, shikiza boksi kwa klampu na utazame draglinki. Kama inaelekea mbele hadi nyuma, ilaze sambamba na springi kadiri nafasi inavyoruhusu. Ikiinama sana, ekseli ikipanda kwenye tuta rodi itavuta magurudumu na lori litakata kona lenyewe bila wewe kugusa usukani. Hapa usilegeze hata kidogo.

Breketi ya pampu ni nyepesi zaidi, ila puli ya pampu lazima ikae mstari mmoja na puli ya injini. Weka rula ndefu ubavuni mwa puli hizo uone. Acha tundu refu la kukazia mkanda. Weldi huvuta chuma, kwa hiyo shika kwa nukta za weldi kwanza, pima tena, kisha chomelea vipande vifupi kwa kupokezana pande.

Ukishajaza oili, inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole ukiongeza oili mpaka mapovu yaishe. Stopa za ekseli, zinazozuia magurudumu yasikate kupita kiasi, ziguse kabla boksi halijafika mwisho wake.

Halafu shusha lori, liwekee kabari, washa injini, mwenzako akate usukani. Wewe ukiwa umekaa mbali na mkanda na feni, weka kidole pale breketi inapokutana na chasisi. Ukihisi chuma kikisogea, fungua, ongeza bamba la pembetatu kwenye kona, ujaribu tena kabla ya kutoka barabarani.