Simu Haijasoma Eksirei Yako: Dhana Potofu Kuhusu Akili Mnemba na Radiolojia

Dhana inayonichosha kuliko zote ni ya mgonjwa anayefika idara yetu ya radiolojia, yaani ya kupiga na kusoma picha za ndani ya mwili, kuchukua ripoti na kutuarifu kwamba haihitaji tena, kwa kuwa ameipiga picha filamu yake ya kifua kwa simu, akaipakia kwenye programu ya maongezi ya akili mnemba, na majibu ameshayapata. Majibu hayo huwa yameandikwa vizuri, yana istilahi za kitabibu na, mwishoni, ushauri wa kumwona daktari, na ndiyo maana huaminika. Ukweli ni kwamba programu haikupewa eksirei, bali ilipewa picha ya picha.

Eksirei ya kidijitali hutoka mashineni ikiwa na maelfu ya viwango vya kijivu, mara nyingi 4,096 au zaidi, nasi huisoma kwenye skrini maalumu tukibadilisha mwanga na ukolezi wa weusi na weupe hadi kionekane kilichojificha nyuma ya moyo au chini ya mtulinga. Picha ya kawaida ya simu ina viwango 256 tu, ikipita WhatsApp hubanwa tena, na juu yake kuna mng'ao wa taa ya wodi au nondo za dirisha ambalo filamu iliinuliwa mbele yake. Mstari mwembamba unaoonyesha kwamba hewa imevuja kati ya pafu na ukuta wa kifua unaweza kupotea kabisa katika safari hiyo. Nimewahi kuonyeshwa maelezo marefu kuhusu mtu aliyezaliwa na moyo upande wa kulia, kumbe filamu ilipigwa picha kwa nyuma. Herufi ya pembeni inayotaja upande, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuitazama kabla ya kitu kingine chochote, ilikuwa imegeuka na programu haikuijali. Kwa CT-Scan, kipimo kinachopiga mwili picha za vipande vyembamba kwa eksirei, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kipimo kimoja cha kifua hutoa mamia ya vipande, na kila kipande hutazamwa kwa mpangilio wa mwanga unaofaa mapafu, kisha mifupa, kisha tishu laini, ilhali mgonjwa hupakia vipande vitatu alivyovichagua mwenyewe.

Isitoshe, programu ya maongezi hujibu kwa kupanga maneno yenye uwezekano mkubwa wa kufuatana, kwa hiyo picha ileile ikipakiwa mara mbili inaweza kupata majibu mawili tofauti, na anayeuliza "huu si uvimbe kweli?" ana nafasi kubwa ya kuitikiwa. Aliyeambiwa ana saratani angalau hurudi kwetu mbio. Ninayemhofia ni yule anayekohoa kwa wiki ya tatu, akaambiwa mapafu yake ni safi, akaenda kulala chumba kimoja na watoto.

Hapa ndipo hujibiwa kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe limeruhusu kompyuta kusoma eksirei za kifua kikuu. Ni kweli, tangu 2021, lakini zilizoruhusiwa ni programu zilizotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo moja, zinazosoma faili asilia la eksirei, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na kwa ajili ya uchunguzi wa awali. Programu ya namna hiyo hutoa alama, yaani namba ya kuonyesha uwezekano wa ugonjwa, na anayevuka kiwango kilichowekwa hupelekwa kutoa makohozi yapimwe. Haimwambii mtu kwamba ana kifua kikuu, na mimi pia siwezi kumthibitishia hivyo kwa eksirei peke yake.

Dhana ya kwamba taaluma yetu imekwisha husambazwa zaidi na vijana wanaochagua masomo, na chanzo chake kinajulikana: mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mwanasayansi wa akili mnemba ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alisema watu waache kufundisha wataalamu wa radiolojia kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine zingewashinda. Miaka hiyo mitano ilipita na wataalamu bado hawatoshi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2023, uliohusisha wanawake zaidi ya 80,000 waliopimwa saratani ya matiti, ulionyesha kwamba msaada wa akili mnemba ulipunguza kazi ya usomaji kwa asilimia 44 bila kupunguza saratani zilizogunduliwa, na bado binadamu ndiye aliyeamua nani aitwe kwa vipimo zaidi. Kazi imebadilika, na anayekataa kujifunza zana hizi ndiye mwenye sababu ya kuogopa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mashine haina upendeleo. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba programu ya kutambua nimonia iliweza kung'amua picha imetoka hospitali gani, na usahihi wake ukashuka ilipopelekwa kwingine. Hospitali inayonunua programu bila kuijaribu kwa wagonjwa wake yenyewe inanunua kwa kubahatisha.

Na tangazo la "mashine yenye akili mnemba" lisikufanye udhani kwamba inatoa majibu ya ugonjwa. Mara nyingi akili hiyo inasafisha picha au kufupisha muda wa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, basi.

Mkitaka kutusaidia kuliko programu yoyote, leteni filamu au CD za zamani. Kivimbe kigumu cha pafu ambacho hakijakua kwa miaka miwili kwa kawaida hakina hatari, na jambo hilo hulijua mwenye picha mbili pekee. Madaktari wenzangu nao waache kuandika "eksirei ya kifua" bila neno moja kuhusu kikohozi, homa au ajali.

Programu ya maongezi itumieni kueleweshwa maneno magumu ya ripoti iliyokwisha kuandikwa, na kabla ya kuyapakia futeni jina, umri na namba ya faili, ambavyo kwenye filamu huwa vimechapishwa pembeni na watu husahau kuvifunika.