Umande wa kiyoyozi ndani ya kompyuta

Kuanzia mwezi wa tatu, joto likiwa bado kali na masika yanabisha hodi, meza yangu hapa Kariakoo hujaa mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, zenye madoa ya kijani. Mama mmoja wa Msasani aliniletea kompyuta ya mezani iliyozima ghafla. "Fundi, haijamwagikiwa maji hata tone, haki ya Mungu." Nilimwamini. Maji yale yalitoka hewani.

Weka soda ya baridi mezani uone chupa inavyotoka jasho. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, na hiyo kwetu ni ya kawaida kabisa, huacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Sasa kiyoyozi kikilala kwenye nyuzi 18 usiku kucha, kasha la chuma la kompyuta iliyozimwa nalo hupoa hadi kukaribia hapo.

Wengi hukilaumu kiyoyozi chenyewe. Kumbe kikiwa kinafanya kazi kinakausha hewa ya chumba, ndiyo maana mpira wake hudondosha maji nje. Balaa huja kikizimika. Kwa yule mama, umeme ulikatika alfajiri, wakafungua madirisha, hewa nzito ya bahari ikaingia ikakuta chuma cha baridi. Umeme uliporudi, mtoto akawasha mashine. Umande peke yake haupitishi umeme sana, ila ukikutana na vumbi na chumvi ya pwani ndipo unapoleta shoti. Mazabodi ilikufa. Ila diski tuliiokoa, nashukuru.

Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa waya ukutani, na ukirudi usiwe na haraka. Gusa kasha: likiwa bado la baridi, liache. Likishapata joto la chumba, ongeza saa moja au mbili, maana vyuma vya ndani huchelewa kupata joto.

Laptopu iliyotoka kwenye ofisi au gari lenye kiyoyozi iache ndani ya begi lililofungwa. Najua watu huifungua upesi "ipumue", na hapo ndipo wanapokosea. Begi likiwa limefungwa, hewa yenye unyevu haiifikii kwa wingi wakati inapata joto polepole. Saa moja hivi inatosha.

Mimi huwaomba wateja waweke kiyoyozi nyuzi 26, na kompyuta isikae mbele ya upepo wake. Uniti za LUKU nazo zitakaa zaidi.

Na kama kompyuta imeshalowa, tafadhali usibonyeze swichi "kujaribu". Toa betri kama inatoka, kisha lete mashine. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii: maji yatakauka yenyewe, chumvi itabaki na kuendelea kula shaba. Lazima ifunguliwe, isuguliwe kwa brashi laini na spiriti safi, ikauke kabisa kabla haijaonja umeme tena.