Je, wajua programu huambiwaje isimame?

Anayetumia Linux au macOS kupitia terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hujifunza mapema kwamba programu iliyokwama husimamishwa kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja. Mara nyingi programu hufa papo hapo. Mara nyingine hufuta kwanza mafaili ya muda iliyoyatengeneza, ikaandika ujumbe mfupi, ndipo ikatoka. Zipo pia nyakati ambapo haifanyi lolote, hata vitufe vikibonyezwa tena na tena. Kwa nini amri ileile huleta matokeo tofauti namna hiyo? Jibu limo katika utaratibu wa ishara, uliozaliwa ndani ya mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutunga mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, utaratibu ambao hadi leo unafanya kazi ndani ya seva, kompyuta za mezani na simu za Android.

Ishara yenyewe ni kitu kidogo mno: ni namba tu. Haibebi sentensi wala maelezo. SIGINT, ya kukatiza, ni namba 2; SIGKILL, ya kuua, ni 9; SIGSEGV, ya kosa la memori, ni 11; na SIGTERM, ya kuiomba programu imalize, ni 15. Linux ina namba 64 za ishara, na 31 za kwanza ndizo za kawaida, zile ambazo msimamizi wa mfumo hukutana nazo kila siku. Mchakato, yaani programu iliyokwisha kuanza kufanya kazi na kupewa namba yake ya utambulisho, unapopokea ishara hujua jambo moja kubwa: kwamba tukio la aina fulani limetokea. Mengine inabidi uyatafute wenyewe.

Kibodi, kwa hakika, haijui habari za ishara. Ctrl na C zikibonyezwa, terminali hupelekewa baiti yenye thamani 3, na ni sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inayosimamia terminali ndiyo huitambua baiti hiyo, huimeza, kisha hutuma SIGINT kwa kundi zima la michakato iliyo mbele ya mtumiaji wakati huo. Ndiyo maana amri tatu zilizounganishwa kwa bomba, njia inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine, hufa zote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana pia, ndani ya baadhi ya vihariri vya maandishi, vitufe hivyo haviui kitu: kihariri kimeiagiza terminali isitafsiri baiti yoyote, hivyo ile 3 hukifikia kama herufi nyingine yoyote iliyochapwa. Hapo hakuna ishara iliyokaidiwa, kwa sababu hakuna iliyotumwa.

Ishara hutoka pia kwingine. Amri ya kill, ambayo jina lake huwatisha wengi bila sababu, inaweza kutuma ishara yoyote, hata ile inayomaanisha tu kwamba faili la mipangilio lisomwe upya. Kerneli hutuma SIGSEGV mchakato unapogusa eneo la memori lisilo lake, hutuma SIGALRM muda uliowekwa unapotimia, na hutuma SIGCHLD kwa mchakato mzazi pale mtoto wake anapokufa.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kutuma ishara na kuipokea ni matukio mawili, na kati yake huweza kupita muda. Mchakato mmoja ukitaka kuutumia mwingine ishara, kerneli huangalia kwanza ruhusa: mtumiaji wa kawaida huruhusiwa kuitumia ishara michakato yake tu, ilhali msimamizi mkuu, root, huruhusiwa kwa yote. Ikiridhika, kerneli huwasha biti moja katika kumbukumbu inazotunza kuhusu mchakato unaolengwa, kwenye orodha ya ishara zinazosubiri. Biti ya 2 kwa SIGINT, biti ya 15 kwa SIGTERM. Kazi ya mtumaji huishia hapo. Mchakato unaolengwa bado haujaguswa wala haujui kitu.

Upokezi hutokea pale mchakato unapotoka ndani ya kerneli kurudi kwenye msimbo wake. Kila mchakato huingia na kutoka humo mara nyingi sana: unapoomba kusoma faili, unapoomba kutuma data kwenye mtandao, na hata usipoomba chochote, kwa kuwa saa ya mashine huikatiza prosesa kila mara ili kerneli ipate nafasi ya kugawa zamu. Kabla ya kuurudishia mchakato udhibiti, kerneli hutazama kama ipo biti iliyowashwa ambayo haijazuiwa. Ikiwa mchakato ulikuwa umelala ukisubiri kibodi au mtandao, kerneli huuamsha kabla ya wakati, na ombi lililokuwa likisubiriwa hukatizwa na kurudisha kosa liitwalo EINTR, isipokuwa kama mwandishi wa programu aliomba mapema, kwa kutumia SA_RESTART, kwamba ombi la namna hiyo lianzishwe upya. Ikiwa mchakato ulikuwa ukifanya hesabu kwenye prosesa nyingine ya mashine hiyohiyo, prosesa hiyo hukatizwa makusudi ili mchakato uingie kwenye kerneli na kuikuta ishara yake wakati wa kutoka.

Ni katika hatua hiyo ndipo hatima ya ishara huamuliwa, na hapa ndipo tofauti tuliyoanza nayo inapoelezeka. Mchakato ambao haukupanga lolote hufanyiwa lililo la kawaida kwa ishara hiyo, ambalo kwa SIGINT na SIGTERM ni kufa. Mchakato uliotangaza kwamba unaipuuza ishara huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mchakato uliojiandalia kipande maalumu cha msimbo cha kuishughulikia ishara, ambacho hapa nitakiita kipokezi, hupewa nafasi ya kukiendesha. Ishara mbili tu, SIGKILL na SIGSTOP (inayousimamisha mchakato bila kuuua), haziwezi kupuuzwa, kuzuiwa wala kuandaliwa kipokezi, na nadhani huo ni uamuzi wa busara kubwa, kwa sababu bila hizo programu mbovu ingeweza kumnyima mwenye mashine mamlaka juu ya mashine yake.

Namna kipokezi kinavyoanzishwa inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kerneli huchukua hali yote ya mchakato kama ilivyokuwa wakati wa kukatizwa, yaani thamani za rejista za prosesa (vihifadhi vyake vidogo vya ndani) pamoja na anwani ya agizo lililokuwa lifuate, na kuiandika kwenye staki ya mchakato wenyewe, eneo la memori la kuhifadhia kazi zinazoendelea. Kisha hubadilisha anwani hiyo ili ielekeze mwanzo wa kipokezi, ndipo inaurudishia mchakato udhibiti. Programu hujikuta imo ndani ya kipokezi ambacho hakuna mstari wake wowote uliokiita. Kipokezi kikimaliza, hurudi kwenye kipande kidogo cha msimbo ambacho huiomba kerneli, kwa ombi liitwalo sigreturn, isome ile hali iliyohifadhiwa na kuzirejesha rejista zote. Mchakato huendelea pale ulipoachia, na kama kipokezi hakikubadilisha kitu, msimbo mkuu hauna njia ya kujua kwamba ulikatizwa.

Anayetumia Linux anaweza kuyaona haya kwa macho yake. Faili liitwalo status, lililo ndani ya saraka ya mchakato chini ya /proc, lina mistari inayoanza na SigPnd, SigBlk, SigIgn na SigCgt, ambayo kwa mpangilio huo huonyesha ishara zinazosubiri, zilizozuiwa, zinazopuuzwa na zenye vipokezi. Tuseme mstari wa SigCgt unasomeka 0000000000004002. Hiyo ni namba ya msingi wa 16: tarakimu 2 ya mwisho ni biti ya pili, na ile 4 ni biti ya kumi na tano. Kwa hiyo mchakato huo umejiandaa kwa SIGINT na SIGTERM, na si kwa nyingine. Mchakato usiosikia Ctrl na C mara nyingi hujieleza wenyewe katika mistari hiyo minne.

Kwa kuwa ishara ya kawaida inayosubiri ni biti tu, na biti haina hesabu, ishara tatu za aina moja zikifika kabla ya kupokelewa huonekana kama moja. Seva iliyozaa watoto wengi, watatu wakafa kwa wakati mmoja, inaweza kupokea SIGCHLD moja tu. Mwandishi anayedhani kila ishara ni mtoto mmoja atawaacha wawili bila kuwahitimisha, nao watabaki kwenye orodha ya michakato wakiitwa mazombi. Njia sahihi ni kipokezi kuuliza kwa kurudiarudia kama yupo mtoto mwingine aliyekufa, hadi jibu liwe hapana.

Kuna hali ambayo hata SIGKILL haitoshi. Mchakato unaosubiri kifaa, kama diski, au mafaili ya mtandaoni yaliyo kwenye seva iliyokatika, unaweza kuwa umelala usingizi usiokatizwa, ambao amri ya ps, inayoorodhesha michakato, huuonyesha kwa herufi D. Biti ya ishara huwashwa kama kawaida, lakini mchakato hautoki ndani ya kerneli, na usipotoka hauipokei. Linux toleo la 2.6.25, la mwaka 2008, lilianzisha aina ya usingizi inayokubali kukatizwa na ishara za kuua peke yake, na hilo limepunguza tatizo hilo bila kulimaliza.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo ndani ya vipokezi vyenyewe. Kipokezi huweza kuanza kati ya agizo lolote na linalofuata, hata wakati programu iko katikati ya kupanga upya orodha za memori iliyo huru. Mweka hazina aliyekatizwa katikati ya kuhamisha fedha kutoka daftari moja kwenda jingine, kisha akatakiwa papo hapo atoe malipo kutoka madaftari hayohayo, atatoa hesabu isiyo ya kweli. Na ndivyo inavyokuwa kipokezi kikiomba memori kwa malloc wakati malloc nyingine haijamaliza. Hata printf, kazi ya kuandika maneno kwenye skrini ambayo kila mwanafunzi wa lugha ya C huanza nayo, haimo katika orodha ya kazi zinazoruhusiwa ndani ya kipokezi.

Hayo si ya vitabuni tu. Mnamo Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu katika OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa seva duniani kote huitumia kuingia kwenye mashine zilizo mbali. Seva ya OpenSSH kwa kawaida humpa anayeunganisha sekunde 120 athibitishe yeye ni nani. Muda ukiisha, SIGALRM hufika, na kipokezi chake kilikuwa kikiita syslog ili kuandika taarifa ya tukio, ilhali katika Linux zinazotumia maktaba ya glibc, syslog huweza kuomba au kurudisha memori. Mshambulizi aliyepima muda vizuri, ishara ikaikuta seva katikati ya kazi za memori, aliweza kuendesha msimbo wake kwa mamlaka ya root bila nywila yoyote. Watafiti hao walilithibitisha hilo kwenye mashine za biti 32, kwa wastani wa majaribio yapatayo 10,000. La kusikitisha ni kwamba kosa hilo lilikuwa limerekebishwa mwaka 2006, likarejea bila kukusudiwa katika toleo la 8.5p1 la mwaka 2021, na kuondolewa tena katika 9.8p1. OpenBSD haikuathirika, kwa sababu tangu 2001 kipokezi hicho huko hutumia syslog_r, iliyotungwa mahususi iwe salama katika mazingira hayo.

Waandishi makini, kwa hiyo, hukipa kipokezi kazi ndogo iwezekanavyo: kubadilisha thamani moja katika memori, au kuandika baiti moja kwenye bomba ambalo mzunguko mkuu wa programu unalisoma. Kazi halisi hufanywa baadaye, programu ikiwa imetulia. Linux, tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, ina pia signalfd, ambayo huziwezesha ishara kusomwa kama data ya faili, na kwa programu mpya zinazolenga Linux pekee ningependekeza njia hiyo kabla ya nyingine.

Utaratibu huu wote ndio unaofuatwa seva zinapozimwa. Docker, programu ya kuendesha kontena (vifurushi vya programu vilivyotengwa na vingine), ikiombwa kusimamisha kontena hutuma kwanza SIGTERM, husubiri sekunde 10, kisha hutuma SIGKILL. Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, kwa kawaida husubiri sekunde 30. Muda huo umewekwa ili programu imalize maombi iliyokwisha kuyapokea na kufunga mafaili yake. Anayekimbilia kill -9 tangu mwanzo huinyima programu fursa hiyo, na ni desturi ambayo sioni sababu ya kuitetea, isipokuwa kwa mchakato uliokataa kila kitu kingine.

Kontena nyingi, hata hivyo, husubiri sekunde zote kumi bila kufanya lolote. Sababu ni kwamba mchakato wa kwanza ndani ya kontena una namba 1, na kerneli humlinda mwenye namba hiyo: ishara kutoka ndani ya kontena hazimfikii isipokuwa amejiandalia kipokezi, na SIGTERM ya kutoka nje, asipoiandalia kipokezi, haimuui. Tatizo huonekana katika namba ambayo mchakato huacha unapokufa. Ishara iliyoua hujumlishwa na 128, hivyo 143 ni SIGTERM na 137 ni SIGKILL. Msimamizi anayekuta 137 kila anapozima huduma yake aangalie kwanza kama mchakato namba 1 una kipokezi cha SIGTERM, au kama umeanzishwa kupitia ganda la amri (shell) ambalo haliupelekei mtoto wake ishara hiyo.